Bibi Maendeleo na Mifuko ya Salfa

Pale kwetu Mchinga palikuwa na mwanamke ambaye ukitupa kopo asubuhi nyuma ya nyumba yako, jioni analo yeye, limeshatobolewa, limeshatiwa mkono, na wewe mwenyewe unaitwa uje ulitazame. Jina la wazazi wake alikuwa nalo kama watu wote, lakini hatukuwa na haja nalo. Tulimwita Bibi Maendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta kwetu: serikali ilimtuma aje atuendeleze. Tulivyoendelea, apitaye Mchinga atajionea mwenyewe.

Nyumba yake na yangu zilitazamana mlango kwa mlango, katikati uchochoro wa kupita punda na mzigo wake. Ninayoyasema sikusimuliwa. Niliyaona nikiwa barazani kwangu nakuna nazi, na mengine niliyasikia bila kutega sikio, maana sauti yake ilikuwa ya kuhutubia mkutano hata anapomfukuza kuku.

Kabla ya hodi, kabla ya habari za kuamka, neno lake lilikuwa moja.

"Bibi Somoe, hiyo ndala mkononi unaipeleka wapi?"

"Imekatika. Naitupa."

"Usitupe, nipe."

"Mguu mmoja tu, mwenzake sijui aliko."

"Mmoja unatosha magurudumu manne."

"Na gari lenyewe liko wapi?"

"Liko jikoni kwako. Lile kopo la mafuta likiisha uniite."

Basi tangu siku hiyo akawa anakuja kuchungulia mafuta yangu kama mkwe anayechungulia sufuria. Nikikaanga samaki anasimama mlangoni. "Tia, tia, usibane mkono," ananiambia, mtu ambaye kwake kitunguu kimoja kilipikiwa mboga ya siku mbili. Kopo lilipoisha alilichukua likiwa bado la moto.

Siwezi kusema kazi yake ilikuwa mbaya, ingawa nilijitahidi. Magari yake ya makopo yalikuwa na usukani wa waya mrefu, mtoto anasukuma huku anatembea wima, hainami kama anayetafuta sindano. Wanasesere aliwafanya kwa magunzi ya mahindi na vipande vya kanga, na kila mmoja alivishwa na kufungwa kilemba, utafikiri wanakwenda arusini. Makopo ya maziwa aliyageuza vibatari. Chupa iliyovunjika shingo ikawa kikombe, akaisugua mdomo kwa jiwe mpaka haikati. Mifuko ya rambo aliichana nyuzinyuzi akasuka mkeka, ukikalia unapiga kelele kama unakukaanga. Na kulikuwa na kile kibao cha kufutia miguu, alichokipigilia vizibo vya soda juu chini, meno yote yanatazama mbinguni. Kilikwangua matope vizuri sana. Ngozi nayo hakikuibagua.

Wakati ule maduka yalipokuwa matupu, tunapanga foleni ya sabuni na hatujui kama sabuni yenyewe imeletwa, Bibi Maendeleo alikuwa malkia. Nani alikuwa na chujio la dukani? Nani alikuwa na faneli? Watu walikwenda kwake kwa heshima, wanavua viatu, walio navyo. Mimi mwenyewe kibatari changu kilitoka kwake, na aliponikabidhi alinipa na hotuba, kana kwamba amenitia umeme nyumbani.

Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Tukadhani atafunga mizigo arudi bara kwao. Wapi. Serikali ilimwacha, yeye hakuiacha. Jumamosi akatandika mkeka wake wa rambo barazani, akapuliza filimbi, akawaita watoto wa mtaa waje wajifunze kazi za mikono. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, na hakutaka senti ya mtu. Alitaka makopo tu.

"Serikali inasema mtoto asikae bure," alituambia.

"Serikali ipi?" nikamwuliza. "Ile iliyokufukuza?"

"Hiyo hiyo. Imesahau kunipa maagizo, kwa hiyo najipa mwenyewe."

Na watoto walikuja. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake, na mtaa mzima ulijua. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa, mshahara umekatwa. Siku sita za juma alikuwa mwanamke mkali anayeokota makopo, na siku ya saba alikuwa na watu. Ijumaa jioni alianza kufagia baraza mapema mno, akamaliza, akafagia tena. Mvua ikitisha Jumamosi asubuhi alitazama mawingu kama mtu anayedaiwa nayo kitu.

Usidhani lakini kwamba aliwabembeleza. Kwa sifa alikuwa mchoyo kuliko kwa kitunguu. Mtoto ameketi tangu asubuhi amekunja bati, amejikata kidole, analeta gari lake kwa fahari, na yeye anajibu: "Baya. Fanya tena." Siku moja mjukuu wangu Somoe, ambaye mimi naitwa kwa jina lake, alirudi analia. Nilivuka uchochoro na upawa mkononi.

"Umemwambia nini mjukuu wangu?"

"Nimemwambia linachechemea."

"Mjukuu wangu anachechemea?"

"Gari, Bibi Somoe. Gari. Gurudumu la kushoto dogo."

Nikalitazama. Lilichechemea kweli, lakini hilo sikulisema mbele yake. Somoe akalirudia lile gari mpaka likaenda sawa. Leo ana karakana yake mjini Lindi, anachomelea milango ya chuma na madirisha, na wanaume watu wazima wanamwita bosi na kungoja awakague kazi. Nimewahi kukaa pembeni nikamsikia anamwambia fundi mwenye ndevu: "Baya. Fanya tena." Tabia ya mtu haimwingii mwingine namna hiyo bila kukaa naye karibu.

Sasa huyu huyu aliyetukataza kununua kitu ambacho mtu anaweza kujitengenezea, sebuleni kwake alikuwa na kabati la vioo. Ndani ya kabati: chupa ya chai ya Kichina yenye maua mekundu, vikombe vya udongo vyenye ukingo wa dhahabu, sahani ya duara kubwa ambayo haikuwahi kuona wali. Alivifuta vumbi kila siku na hakuvitumia hata siku moja. Chai yake alinywea kopo. Sisi watu wazima tulikuwa tunasemana chinichini kwamba anaringa, ila Somoe, ambaye hakuwa na adabu ya kusema chinichini, alimwuliza usoni.

"Bibi, mbona hivi hunywei chai?"

"Hivyo ni vya dukani," akajibu. "Vikivunjika sijui kuvitengeneza."

Enzi ya ruksa ilipoingia, vya dukani vikaja kutafuta watu. Mwenye duka wa kwetu, aliyekuwa akiuza chumvi na viberiti kwa kununa, akaamka asubuhi moja ametundika ndoo za rangi zote mpaka mlango hauonekani. Kulikuwa na magari ya plastiki yanayolia yenyewe, na wanasesere wenye nywele za njano, ukiwalaza wanafumba macho, wameshachoka nasi. Bibi Maendeleo alikwenda kukagua. Alikuwa bado anakagua, ingawa hakuna aliyemwomba. Akachukua gari, akaligeuza tumbo juu.

"Hili likivunjika unalifungulia wapi?"

"Halifunguliwi, mama," mwenye duka akamwambia. "Likivunjika unanunua jingine. Ndiyo biashara huria hiyo."

"Na lililovunjika?"

"Unatupa."

Bibi Maendeleo alicheka, jambo lisilokuwa la kila siku. Kabla ya mwezi kwisha yale magari yalikuwa yamenyamaza yote, na watoto wakawa wanamletea barazani moja moja, kama wagonjwa. Mwenye duka alifanya kazi ya kumletea mali kutoka Dar mpaka mlangoni, na nauli akalipa mwenyewe.

Hata hivyo aliumia. Nilimwona. Zamani mtoto alipopewa gari la kopo alilala nalo. Sasa alikuwa anauliza kwanza kama linalia. Jumamosi mkeka ukaanza kubaki na nafasi. Nadhani hapo ndipo alipotaka kufanya kitu kikubwa, kitu ambacho dukani hakipo, na hapo ndipo ilipokuja mifuko.

Aliyekaa kwetu anaijua salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho isife kwa ukungu. Msimu ukiisha inabaki mifuko yake, imefumwa kwa nailoni, imara hata panya anaikimbia. Wenye akili zao waliiacha shambani. Bibi Maendeleo alipita shamba kwa shamba akaikusanya, akairoweka, akaifua kwa sabuni ya mche, akaianika, akainusa, akasema imetakata. Mimi nilimwambia kwa mdomo wangu.

"Bibi Maendeleo, hiyo ni ya dawa ya mikorosho."

"Ilikuwa ya dawa. Sasa kitambaa."

"Na harufu?"

"Harufu ni ya jiko lako."

Akashona mikoba ya mgongoni, kila mtoto na wake, ya kubebea juzuu kwenda chuoni kusoma Kurani. Yeye Mkristo wa bara, anakwenda kanisani Lindi akipata usafiri, amekaa anawashonea watoto wa Kiislamu mikoba ya juzuu, na mistari ya mishono imenyooka kama imepigwa rula. Mikanda ya kanga kuukuu, vifungo vya vizibo vilivyopondwa. Maalim wa chuo alifurahi mpaka akamwombea dua mbele ya watu. Mwenye duka alikuwa na mikoba yake ya plastiki yenye picha za wanyama wasiojulikana kwao ni wapi, na juma lile hakuuza hata mmoja. Jumamosi mkeka ulijaa mpaka wengine wakakaa ngazini.

Kosa lake lilikuwa dogo, na lilikuwa la umaridadi. Hakutaka yale maandishi ya salfa yaonekane kwenye mkoba wa mtoto, ni aibu. Kwa hiyo kabla ya kushona aliigeuza ile mifuko, ya ndani ikaja nje. Upande uliokaa na unga msimu mzima ukakaa mgongoni mwa watoto.

Jua lilipokuwa kavu haikujulikana. Ilipopiga mvua ya kwanza ya vuli, watoto wakakimbia kwenda chuoni, wameloa, wanatoka jasho, wanajifuta nyuso kwa mikono iliyoshika mikoba. Wakaketi. Siku hiyo Maalim alikuwa anawasomesha habari za moto wa Jahanamu. Akainua macho akaona darasa zima wanatoa machozi, macho mekundu, wanajikunja kunja, wengine wanalia kwa sauti. Akadhani mawaidha yamewaingia. Akaongeza.

Alipokuja kutambua, migongo ilikuwa ya njano na Zuhura, mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa hawezi kufumbua macho kabisa.

Wanawake walikwenda kwa Bibi Maendeleo kwa pamoja, nami nikiwamo, maana Somoe naye macho yalimwasha. Mama Zuhura alitangulia, mwanawe begani.

"Mwanangu haoni. Umemtia nini?"

"Mwoshe kwa maji mengi."

"Nimekuuliza umemtia nini."

Bibi Maendeleo, mwenye sauti ya mkutano, alitazama yale macho yaliyovimba. "Nilifua," akasema. Akarudia kwa sauti ndogo zaidi: "Nilifua." Hatukupata lingine kwake. Hakuomba radhi. Hata asiyemjali mtoto angeomba, kwa ajili ya watu tu. Yeye akageuka akaingia ndani.

Zahanati wakamwosha Zuhura, wakampa dawa ya matone, na baada ya siku chache akafumbua macho na kuendelea kuwapiga wenziwe kama kawaida. Lakini watoto walikatazwa kuvuka ule uchochoro. Somoe nilimkataza mimi, na ningemkataza tena. Jumamosi ikaja, Bibi Maendeleo akafagia, akatandika, akapanga makopo yaliyooshwa, akapuliza filimbi. Hakuja mtu. Adhuhuri akakunja mkeka. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya baadaye hakupuliza filimbi, alitandika tu akakaa kando yake, mgongo wima, mikono magotini, kama aliyealikwa mahali na wenyeji wametoka. Mimi nakuna nazi ng'ambo ya pili. Nazi ile ilikunwa mpaka kifuu.

Kwetu, siku za mwisho za Shaabani, mwezi wa mfungo haujaandama, watu hupitiana nyumba kwa nyumba kuombana radhi. Unapiga hodi, unasema, "Niwie radhi." Unajibiwa, "Nimekuwia, nawe niwie." Basi, imekwisha, mnaingia mfungo vifua vyepesi. Hata wale walionuniana kwa ajili ya kuku huja, wakasemeshana, na mfungo ukiisha wakanuniana upya kwa kuku mwingine. Bibi Maendeleo alikuwa ameitazama desturi hii miaka yote kutoka dirishani kwake, akisema ni kupoteza muda, kwani mtu angeweza asikosee tangu mwanzo.

Mwaka ule akatoka. Amevaa gauni lake la kanisani, kikapu mkononi. Akaanza na nyumba ya mwisho mtaani. Naam, mtu akimwona Bibi Maendeleo mlangoni siku kama ile, na yaliyotokea yametokea, atadhani nini?

"Hodi. Nimekuja..."

"Tumekuwia radhi, Bibi Maendeleo, tumekuwia."

"Nimekuja kuchukua mkoba."

"Chukua, mama, na radhi tumekuwia."

"Nani kaomba?" akasema, lakini mkoba ameshapewa na mlango unarudishwa. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Watu walikuwa na haraka ya kusamehe, wana vyungu motoni. Mama Zuhura alimpa mkoba kwa upenyo wa mlango, akasema, "Nimekuwia," kama anayemtupia sadaka mtu asiyetaka aingie, akafunga.

Kwangu alifika mwisho, ingawa mimi ndiye wa karibu.

"Karibu," nikamwambia. "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuchukua mkoba wa Somoe."

"Nimeuchoma."

"Nani kakuruhusu kuchoma kitu nilichoshona mimi?"

"Macho ya mjukuu wangu."

Akasimama. Hakuondoka, akahamishia kikapu mkono wa pili. Kikapu kile cha mikoba ya njano kinanuka mpaka ndani.

"Kama una neno, sema," nikamwambia. "Mchuzi wangu unashika chini."

"Sina," akasema, akavuka kwenda kwake, akachimba shimo nyuma ya nyumba akaizika yote. Mwanamke ambaye hakuwahi kutupa kizibo.

Radhi ikishatolewa haiulizi kama iliombwa. Katika mfungo watoto, ambao njaa huwapa uvivu wa kucheza mbali, wakaanza kuvuka uchochoro, kwanza wawili, kisha wote. Hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Akamwambia wa kwanza, "Umekaa juu ya koleo langu." Lakini tangu hapo alikuwa na ada mpya. Kila alichomtengenezea mtoto alikijaribu yeye kwanza. Utamwona mwanamke mzima anakwenda sokoni, kimkoba cha mtoto wa miaka sita kimembana mgongoni, shingoni mkufu wa vizibo, na akiulizwa anajibu, "Nipo kazini." Mtu angeweza kucheka, na wengi tulicheka, naye akapita katikati ya kicheko bila kugeuka.

Miguu ilipomkataa, mtoto wa dada yake akaja kumchukua akampeleka kwake Nyangamara. Bibi Maendeleo alifungasha lile kabati la vioo kwa uangalifu. Makopo akawaachia watoto. Mimi nilikaa miaka bila kumwona, mpaka Somoe alipopata kazi ya kupeleka milango huko, akanipandisha mbele kwenye pikapu yake, na si nyuma na mizigo kama bibi wa watu wengine.

Nilimkuta ukumbini, amekaa kitini, amekuwa mdogo. Mikono inatetemeka, mkasi haushikiki. Nyumba imejaa vitu vya plastiki vilivyonunuliwa na wenye nyumba. Miguuni pake kitoto cha kike kinakata chupa ya maji, na yeye anakielekeza kwa kidevu.

"Baya," anasema. "Rudia."

"Hujafa tu?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe utangulie unisafishie njia. Kaa."

Tuliongea mengi, mengi yake ya kusemana. Nikamwuliza kwa nini chai yangu imekuja kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu, akasema kimebaki kimoja, vingine vimevunjwa na wajukuu wa dada yake, na hakuna kilichotokea, ulimwengu haukuanguka. Kisha akauliza, macho yakiwa kwa yule mtoto na mkasi wake:

"Zuhura anaona?"

"Zuhura fundi cherehani mjini. Anatunga uzi bila miwani. Mimi na wewe hatuioni hata sindano."

Akaitikia kwa kichwa. "Mama yake?"

"Yuko. Mnene."

"Alinisamehe kabla sijasema."

"Wote walikusamehe kabla hujasema. Una bahati."

"Si bahati," akasema. "Nilipita nyumba zote nina neno mdomoni, kila mlango wananirudishia. Nikakuacha wewe mwisho. Nikasema huyu ana ulimi, huyu hatanisamehe upesi, atanisema mpaka nitasema na mimi."

"Nilikuuliza kama una neno."

"Uliniuliza na mchuzi juu."

Na mchuzi wenyewe uliungua. "Basi sema sasa," nikamwambia. "Hapa sijapika."

Mtoto aliacha kukata akatutazama. Bibi Maendeleo akajiweka sawa kitini, kama zamani kabla ya kupuliza filimbi, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mkutano. Ilinibidi niiname.

"Niwieni radhi," akasema. Alisema hivyo hivyo, kwa wengi, kama wanavyosema kwetu.

Nikamwambia tumemwia, ila amewahi, mfungo bado uko mbali, angeweza kuliweka mpaka wakati wake.

"Hili sitaki kuliweka," akasema. "Nimeliweka sana." Akamgeukia yule mtoto, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kukata.